Amri ya Kinywa Kimoja katika Mji wa Shamsuri

Wasimulizi wamepokezana, na ajuaye hakika ni Mola peke yake, kwamba katika mji wa Shamsuri, wenye milango saba na masoko tisa, alitawala Sultani Muhdhari bin Fadhili, mtu mwadilifu, mpole wa maneno na mzito wa hasira, na katika zama zake watu walikuwa na vioo vya kunena. Kioo kimoja kilienea kiganjani, na mwenye kukishika akataja jina la nduguye aliye mbali, basi uso wa ndugu yule ulitokeza ndani yake na wakasemezana kama walioketi mkeka mmoja. Lakini vioo vile vilikuwa na njaa. Kila baada ya siku mbili kioo kilififia, na dawa yake ilikuwa kukilisha moto wa kijini, uliohifadhiwa katika mitungi ya shaba, na moto huo ulipita katika uzi wa shaba uliosokotwa, ulioitwa ulimi, ncha moja mtungini na ncha ya pili katika kinywa cha kioo.

Na udhia ulikuwa hapo. Kila fundi alitengeneza vioo vyenye kinywa chake mwenyewe, huyu mviringo, yule nusu mwezi, mwingine pembe tatu, na ulimi wa huyu haukuingia katika kioo cha yule, na watu walitembea na ndimi nne tano kiunoni kama watu waliofungwa kamba.

Ikawa mwaka wa kumi na mbili wa utawala wake, binti wa Sultani, Bibi Ruzuna, mja mzito wa miezi minane, alikwenda kupumzika katika bustani ya babake, mwendo wa nusu siku kutoka mjini, na uchungu ukamshika kabla ya wakati. Kioo chake kilikuwa kimefifia, na ulimi wake umesahauliwa nyumbani. Mtunza bustani alikuwa na mtungi uliojaa moto na ulimi mzima, lakini yeye na kioo chake walikuwa mnadani kununua mbuzi, na ulimi ule ulikuwa wa nusu mwezi, na kinywa cha kioo cha Bibi Ruzuna kilikuwa mviringo. Wajakazi waliusukuma kwa nguvu, wakaupaka mafuta, wakaukwangua kwa kisu, wasifanikiwe. Mkunga mkuu alipopata habari kwa mjumbe wa farasi jua lilikuwa limekwisha pinduka, na alipofika aliwakuta mama na mtoto wamefunikwa shuka moja.

Sultani alikaa matanga siku arobaini, na siku ya arobaini na moja akatoka barazani, akasema, "Kuanzia mwezi wa Rajabu utakapoandama, kioo chochote kitakachouzwa ndani ya kuta hizi kiwe na kinywa cha umbo moja, na ulimi wowote uingie katika kioo chochote. Fundi atakayekaidi atafungiwa duka. Sitaki tena mtoto wa mtu afe kwa sababu tundu la huyu halikubali ncha ya yule."

Amri ile alikabidhiwa Ridhwani bin Athumani, mpimaji mkuu wa masoko. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani, vibaba na dhiraa za wafanyabiashara, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia damuni hata akawa hamwamini mtu. Akisalimiwa kwa furaha hujiuliza huyu anataka nini, akisalimiwa kwa ubaridi hujiuliza huyu anaficha nini. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu na hana mke. Mara tatu alitafutiwa mchumba na mara tatu akavunja posa, wa kwanza kwa sababu babake alicheka mno, wa pili kwa sababu alikubali upesi, na wa tatu kwa sababu alichelewa kukubali.

Sasa watu wote walitaraji kwamba Tajiri Shaibu bin Lali atakuwa wa kwanza kunung'unika, maana karakana yake ilikuwa kubwa kuliko zote na hakuna aliyeuza ndimi nyingi kama yeye. Badala yake Tajiri Shaibu alikuja barazani akiwa amevaa joho la huzuni, na pete kubwa ya akiki kidoleni, akabusu mkono wa Sultani, akasema, "Ewe Maulana, msiba wako ni msiba wetu. Nimechora umbo la kinywa kipya, nalitoa sadaka kwa mafundi wote. Na zaidi ya hayo, nitatundika mitungi mia na ndimi mia, katika masoko, katika nyumba za wageni, na hapa penye mlango wa baraza yako, kila apitaye alishe kioo chake bure, ili Bibi Ruzuna aombewe dua na kila kinywa. Na kwako wewe nimeleta ulimi wa dhahabu."

Baraza zima lililia. Waziri Jabali alilia hata kilemba kikamlegea. Ridhwani peke yake hakulia. Alimtazama Tajiri Shaibu, akasema moyoni, "Mtu aliyekuwa akiuza ndimi sasa anazigawa. Mtu huyu amenunua nini?"

Rajabu ikaandama, na ndimi mia zikatundikwa, na mji ukafurahi. Siku ya tatu alikuja katika baraza ya mpimaji mwanamke mmoja, amejitanda ushungi wa kahawia, na vidole vyake vina makovu ya moto.

"Asalaam aleikum, Bwana Mpimaji."

"Waaleikum salaam. Binti wa nani?"

"Wa Fundi Twalibu, mwenye duka la vioo vya nusu mwezi nyuma ya soko la wafuma nguo. Mimi ni Raya. Baba macho yamemwishia nguvu, na mimi ndiye niyeyushaye shaba. Nimekuja kukuomba umchunguze Shaibu. Ukarimu huu si wa mtu yule. Tumemjua miaka ishirini, hata salamu huitoa kwa kipimo."

Ridhwani akamtazama kwa jicho la upembe. "Amri hii imekitia mchanga kitumbua chenu. Unasema kweli, au unatetea kitumbua?"

"Yote mawili," akajibu Raya. "Kwani mwenye njaa hasemi kweli?"

Swali lile lilimwudhi Ridhwani. Akamwonyesha kioo kipya chenye kinywa cha Shaibu, akamwambia, "Basi kague. Kama pana hila utaiona, wewe ni fundi." Raya akakipokea, akakigeuza, akakichungulia kwa sindano, akakinusa, akakaa nacho hata kahawa ikapoa. Kisha akakirudisha mezani.

"Hakina hila," akasema, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemeza mwiba. "Ni kinywa kizuri. Ulimi unaingia juu ukiwa chini na chini ukiwa juu, hata kipofu angeweza. Ni kizuri kuliko chetu."

Maneno yale yangemtuliza mtu mwingine. Ridhwani alikesha nayo moyoni, akijiuliza kwa nini mshitaki amsifu mshitakiwa, na kama huo nao si mtego.

Haukupita mwezi, mji ukaanza kuharibika, na hakuna aliyejua uharibifu unatoka wapi. Watia rangi walipatana kwa siri kununua nili kutoka kwa msafara, na walipofika wakakuta msafara umekwisha nunuliwa nili yote na watu wa Tajiri Shaibu. Kadhi aliandaa hukumu ya shamba la mayatima, na kabla hajaisoma, yule ambaye angeshindwa na mayatima akawa amekwisha uza shamba kwa Tajiri Shaibu. Mume akamwambia mkewe, "Ni wewe uliyesema," na mke akamwambia mume, "Ni mamako." Karani akafukuzwa, mtumishi akapigwa, marafiki wa miaka mingi wakanyimana moto wa kuwashia jiko. Watu walianza kusemezana huku wamefunika midomo kwa mikono, na kila mtu alimshuku aliye karibu naye zaidi, kwa kuwa ndiye aliyeambiwa siri.

Na Ridhwani naye yakamfika. Siku ya Jumamosi alizungumza na Raya kwa kioo, akamwambia yeye peke yake kwamba Jumatatu asubuhi ataingia ghafla katika bohari ya Shaibu. Jumatatu alipofika alikuta milango iko wazi, sakafu imefagiwa, na sinia ya halua na mrashi wa marashi vikimngoja, na Tajiri Shaibu amesimama mlangoni akisema, "Karibu, Bwana Mpimaji, tumekutazamia."

Ridhwani hakuigusa halua. Alikwenda moja kwa moja hadi karakana ya Fundi Twalibu, na akamkuta Raya mbele ya tanuru.

"Shaibu amekulipa nini?" akauliza.

Raya akaweka koleo chini. "Rudia."

"Nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Mtu huyo ni wewe."

"Na wewe je?" akasema Raya. "Maneno yale walikuwa nayo watu wawili, Ridhwani bin Athumani. Umenipima mimi, umejipima mwenyewe? Ulipokuwa ukisema nami, ulikuwa umeketi wapi?"

"Nilikuwa nimesimama penye mlango wa baraza ya Sultani."

"Umesimama ukifanya nini?"

"Nikilisha kioo changu katika mtungi wa..."

Wakatazamana. Kisha Raya akasema polepole, kama mtu anayekanyaga daraja bovu, "Mimi nilichunguza kinywa. Hakuna aliyeuchunguza ulimi. Zamani kioo changu kilikula ulimi wangu tu, niliousokota kwa mkono wangu. Leo ulimi wowote unaingia katika kioo chochote, na watu wanaingiza ndimi wasizozijua."

Saa ile ile Ridhwani akaenda pamoja na Raya mlangoni pa baraza, akautungua ulimi kwa madaraka ya kazi yake, na wakauweka katika mizani ya kupimia zafarani, mizani inayoona hata uzito wa unyoya. Akaandika uzito wake. Kisha wakautia mtungini na katika kioo, na Ridhwani akaita kioo cha Raya, akasema maneno yaliyomjia, kwamba mvua imechelewa na kwamba amechoka kuwatazama watu kama wezi. Wakauchomoa ulimi, wakaurudisha mizanini, na sahani ikashuka kwa punje tatu za ufuta.

"Chenye kutoa hupungua, au hubaki vile vile," akasema Ridhwani. "Hiki kimetoa, nacho kimezidi. Kimekula nini?"

"Kimekula ulichosema," akasema Raya.

Basi wakaenda wote wawili mbele ya Sultani, mchana, baraza likiwa limejaa, na Waziri Jabali yuko mkono wa kulia, na nyuma ya kiti imesimama Ngoma Kuu, isiyopigwa ila anapokufa sultani au anapotawazwa sultani, na mwenye kuipiga pasi na idhini hukumu yake ni kukatwa kichwa. Tajiri Shaibu akaitwa, akaja akitabasamu.

"Maulana," akasema, "mpimaji ni mtu wa shaka, na shaka ni ugonjwa kama homa, tusimlaumu mgonjwa. Ulimi wa shaba ukipata moto huzidi uzito, kila fundi anajua."

"Hakuna fundi ajuaye hilo," akasema Raya kutoka nyuma.

Sultani akainua mkono, na watu wakanyamaza. Akautoa ulimi wake wa dhahabu, na kioo kidogo chenye fremu ya lulu, na wote wakakitambua kuwa ni kioo cha marehemu Bibi Ruzuna. "Pimeni huu," akasema. Wakaupima. Kisha Sultani akaukamata ulimi, akakilisha kioo, akainamisha kichwa akanong'ona ndani yake maneno machache, na hakuna aliyeyasikia, na kioo hakikujibu, kwa kuwa hapakuwa na wa kujibu. Akaukabidhi ulimi kwa Ridhwani.

Ulipowekwa juu ya mizani, sahani ilianguka kwa kishindo hata mnyororo ukakatika, na ulimi wa dhahabu ukapasuka, na moshi mwembamba ukatoka, ukapanda hadi darini, na ndani ya moshi akadhihiri jini mwenye masikio mia na moja, na kila sikio linatetemeka.

"Rehema, ewe mfalme!" akalia jini. "Mimi ni Hamrani, nimefungwa katika pete ya akiki, na bwana wangu amenigawa katika ndimi mia na moja. Nimebeba siri za mji mzima nisilemewe. Lakini huzuni ya mzazi imenishinda uzito."

Tajiri Shaibu akageuka akimbie, na askari wakamdaka, wakaivua pete, wakaileta kwa Sultani. Na hapo ndipo ilipokuja hatari iliyo kubwa kuliko Shaibu. Waziri Jabali akamwinamia Sultani sikioni, lakini kwa sauti iliyosikika, "Maulana, usiivunje. Ivae. Mwenye pete ndiye bwana wa jini. Mwamrishe amwage alichosikia, tujue leo nani rafiki na nani adui. Sultani gani aliwahi kupewa zawadi kama hii?"

Sultani alikuwa mwadilifu, lakini alikuwa pia mtu aliyeumizwa, na aliyeumizwa humwona kila mtu ana kisu. Akaitia pete kidoleni, akasema, "Mwaga."

Na maneno yakaanza kumwagika. Sauti za Shamsuri zikalijaza baraza, sauti ya muuza maziwa, sauti ya kadhi, sauti ya mama anayemkanya mwanawe, sauti ya mwanamume anayelia kwa deni, na watu waliokuwapo wakajisikia, wakajificha nyuso. Na katikati ya sauti zile Ridhwani akasikia moja aliyoijua, ikisema, "Shangazi, nikuambie la moyoni kuhusu huyu mpimaji..."

Miaka yote aliyoishi alitamani jambo moja tu, kusikia watu wanasema nini akiwa hayupo, na sasa lilikuwa linakuja lenyewe, bila hila na bila gharama. Alimtazama Raya, na Raya alikuwa amefumba macho na amejiziba uso kwa ushungi, kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

Ridhwani akaruka nyuma ya kiti, akanyakua mkwiro, akaipiga Ngoma Kuu.

Akaipiga tena. Kuta zikatikisika, na watu wakaanguka chini wakidhani Sultani amekufa, na askari wakachomoa panga, na yeye akaendelea kupiga kwa mikono miwili, na macho yamefumbwa, na maneno yote ya mji yakapita chini ya mshindo ule bila kusikika hata moja. Jini alimwaga hadi akakauka. Na maneno yaliyomwagwa ni kama maji, hayazoleki. Ndipo Ridhwani akaacha mkwiro ukaanguka, naye akapiga magoti.

"Umeipiga ngoma yangu," akasema Sultani. "Unajua hukumu yake?"

"Naijua, Maulana, na kichwa changu ki mbele yako. Mimi ni mtu wa shaka, Shaibu hakusema uongo katika hilo. Lakini kumpima mfanyabiashara sokoni ni kazi, na kumpima mtu katika neno alilomwambia shangaziye ni wizi. Maneno yale yalikuwa na wenyewe. Na ya kwako pia yalikuwa humo, yale uliyomnong'onea marehemu. Yangefuata."

Sultani akakishika kioo cha bintiye kwa mikono miwili. Kisha akaivua pete, akaiweka juu ya sakafu ya mawe, akaikanyaga kwa kisigino, na akiki ikavunjika vipande, na jini Hamrani akavuta pumzi moja, akapaa kupitia dirishani, asionekane tena. "Sikuisikia ngoma," akasema Sultani. "Na nani hapa ameisikia?" Na wote wakasema hawakusikia kitu.

Tajiri Shaibu akanyang'anywa yote aliyopata kwa kusikiliza, shamba likarudi kwa mayatima na nili kwa watia rangi, naye akatolewa mjini. Ndimi zake mia zikayeyushwa. Waziri Jabali akashauri haraka kwamba na amri yenyewe ifutwe, kila fundi arudie kinywa chake, maana amri ndiyo iliyomfungulia mwizi. Sultani akamwuliza Raya, kwa kuwa ndiye fundi aliyekuwapo.

Raya alijua kwamba neno moja lake lingeirudishia nyumba ya babake riziki yake ya zamani. Akasema, "Maulana, kinywa hakikuiba. Mlango hauna kosa, kosa ni la aliyeingia. Acha kinywa kiwe kimoja, ila umbo lake litundikwe sokoni kila mtu alione, na ulimi wowote usitundikwe pa watu kabla haujapimwa, kabla ya kulisha na baada ya kulisha, hadharani."

Na ikaandikwa hivyo, na ikawa sheria ya Shamsuri.

Walipotoka barazani Ridhwani akamfuata Raya hadi penye ngazi. Akasema, "Kwa lile nililokuambia karakanani, niwie radhi."

"Nitakuwia nikiisha jibiwa," akasema Raya. "Ulisikia sauti yangu inaanza. Kwa nini hukuiacha imalize? Uliogopa nitasema ubaya?"

"Ubaya nimeuzoea. Niliogopa utasema jema, nami nitaliamini kwa kuwa nimeliiba, na siku nyingine ukiniambia kwa hiari yako nisiliamini."

Raya akashuka ngazi mbili, akasimama. "Baba huwa nyumbani baada ya Alasiri," akasema bila kugeuka. "Ukija, njoo na wazee wako, na uje na mahari, usije na mizani."

Akaja na wazee, na posa ikapokewa, na Sultani mwenyewe akasimamia harusi, ngoma na tarabu zikachezwa siku saba, na Fundi Twalibu akapewa muhuri wa kupasisha ndimi zote za mji, na ada ya muhuri ule ikamtajirisha yeye na watoto wa watoto wake. Na wenye busara husema, kheri ikitolewa kwa wote itazamwe kwa macho yote, ila anayemtazama jirani yake kwa jicho hilo hilo atakufa peke yake. Ama Ridhwani, siku ile ya harusi alikula pilau sahani tatu, wala hakuuliza nani aliyeipika.